Nasaba kama Matini: Ufuatiliaji wa Historia ya Ukoo katika Pwani ya Kusini ya Kenya

1. Utangulizi

Nasaba ni utanzu ambao wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameupa nafasi finyu. Utenzi, shairi, ngano na methali zimechambuliwa kwa mapana na marefu, ilhali orodha ya majina ya waliotangulia, fulani bin fulani bin fulani, imeachiwa wanahistoria na wanaanthropolojia. Hao nao wameitumia zaidi kama ghala la kuchotea tarehe. Makala haya yanashikilia kwamba nasaba ni matini kamili. Ina mtunzi na hadhira, ina kaida za utunzi, na kama matini nyingine yoyote ina mambo inayoyatamka na mengine inayoyanyamazia.

Eneo linaloshughulikiwa ni pwani ya kusini ya Kenya, yaani sehemu ya Kwale inayoanzia Diani, ikapitia Gazi, Msambweni, Ramisi na Shimoni, hadi Vanga kwenye mpaka wa Tanzania. Hapa wanaishi Wadigo, Wavumba, Wachifundi na watu wa Wasini, pamoja na jamaa za asili ya Uarabuni, Wakamba, Wamakonde na Wapemba. Anayefuatilia ukoo katika eneo hili hakuti nasaba moja iliyonyooka. Hukuta nasaba kadhaa zinazopishana na wakati mwingine kukanushana, hata kuhusu mtu mmoja. Hoja ya msingi ni kwamba kila nasaba ilitungwa kujibu swali fulani mbele ya hadhira fulani, na kwamba mtafiti asiyelijua swali hilo hawezi kulitathmini jibu. Suala hili lina uzito nje ya vyuo pia: shamba, urithi na kitambulisho cha uraia vimetegemea, na bado vinategemea, jinsi mtu anavyoweza kuwasimulia wazee wake.

2. Daftari la parokia na mfano wake

Inafaa kuanza na kielelezo kinachotawala fikra za wengi kuhusu historia ya ukoo, yaani daftari la parokia ya Kiingereza. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parokia iweke daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Serikali ilianza kuandikisha vizazi na vifo kwa utaratibu wake yenyewe mwaka 1837. Kwa hivyo mwanakijiji wa Uingereza anayetafuta wazee wake ana njia iliyokwisha kulimwa: huanza na hati za serikali, kisha hurudi nyuma daftari kwa daftari. Wrigley na Schofield (1981) walitumia madaftari ya parokia 404 kuijenga upya historia ya idadi ya watu wa nchi hiyo tangu karne ya 16.

Hata hivyo, daftari hilo nalo lina mtunzi. Kasisi aliandika sakramenti. Kuzaliwa kwenyewe hakukuwa shabaha yake. Waliojitenga na kanisa rasmi mara nyingi hawakuonekana humo, na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kwa kawaida aliandikwa kwa jina la mama peke yake, jina la baba likaachwa wazi. Pengo hilo linatokana na kaida ya utunzi. Daftari linajibu swali la nani alipokelewa na kanisa, na kwa utaratibu upi.

Katika Kwale, daftari la namna hii halikupata mizizi. Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844 na kituo cha Rabai kikaanzishwa mwaka 1846; Freretown, makao ya watumwa walioachwa huru, ilianzishwa mwaka 1875. Vituo hivyo vyote viko upande wa kaskazini na magharibi ya bandari. Wadigo wengi, kama alivyoonyesha Sperling (1988), waliingia katika Uislamu katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Rejista iliyo karibu zaidi na daftari la parokia ni ile ya ndoa na talaka za Waislamu iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1906. Lakini nikaha inahitaji wali, mahari na mashahidi, na wali wa bibi harusi ni baba yake au mwanamume wa upande wa baba. Rejista inayofuata umbo la nikaha huhifadhi safu ya akina baba bila kukusudia kumfuta mama. Umbo lenyewe halimhitaji.

Rejista nyingine zilizofuata zilizidisha hali hiyo. Sheria ya kipande ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, iliwaandikisha wanaume Waafrika watu wazima. Mwanamke hakuwa na kipande. Kwa hiyo katika jamii ambamo ukoo ulipita kwa mama, maandishi ya mwanzo ya dola yaliwaorodhesha wale ambao ukoo haukupitia kwao. Mtafiti anayeingia katika Nyaraka za Taifa jijini Nairobi akitaraji kuukuta ukoo wa Kidigo atakuta majina mengi sana, ila uzi unaoyafunga hautakuwamo.

3. Nasaba zilizoandikwa: Vumba na Gazi

Si kweli, hata hivyo, kwamba pwani ya kusini haikuwa na nasaba za maandishi. Mfano mashuhuri ni historia ya Vumba, iliyochapishwa na A. C. Hollis mwaka 1900. Humo mna safu ya watawala, madiwani wa Vumba, na asili yao inaunganishwa na masharifu wa Ba Alawi wa Hadhramaut. Matini hii inafuata kaida za tarikh za miji ya Pwani: ujio kutoka ng'ambo, ndoa na wenyeji, mikataba na majirani, kisha orodha ya watawala na alama zao za enzi, kama siwa na ngoma.

Kihakiki, la kuangaliwa ni nafasi ya ndoa katika masimulizi ya aina hii. Mgeni hufika akiwa na nasaba bila ardhi, na mwenyeji huwa na ardhi bila nasaba inayotambulika ng'ambo. Ndoa huviunganisha viwili hivyo. Bila mke mwenyeji, sharifu angebaki mgeni. Lakini baada ya kizazi kimoja au viwili, mke huyo hutoweka katika safu ya majina, kwa kuwa neno bin haliwezi kumbeba. Nasaba hii inamhitaji mwanamke ili ianze, halafu inamwacha ili iendelee. James de Vere Allen (1993), aliyejadili kwa kirefu asili ya Waswahili na maana ya Ushirazi, alisisitiza kwamba madai ya Ushirazi yasomwe kama madai ya hadhi na ya utangulizi katika nchi. Kuyasoma kama cheti cha safari kutoka Uajemi ni kuyakosea. Kusini mwa Msambweni, ambako kipo hata kijiji kiitwacho Shirazi, rai hii inafaa kukumbukwa.

Mfano wa pili ni wa Mazrui. Baada ya Seyyid Said kuitwaa Mombasa mwaka 1837, tawi moja la ukoo huo lilihamia Takaungu na jingine Gazi. Mbaruk bin Rashid, aliyetawala Gazi, aliupinga utawala wa Zanzibar kwa miaka mingi, na katika vita vya mwaka 1895 na 1896 akapambana na Waingereza hadi aliposhindwa na kuvuka mpaka kuingia katika himaya ya Wajerumani. Historia ya ukoo huu iliandikwa kwa Kiarabu na Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kitabu hicho kilichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Hapa mwandishi ni mwana wa ukoo anaouandikia. Anaandika wakati ambapo dola ya ukoo wake imekwisha kuanguka, na kwa hiyo maandishi yanachukua nafasi ya mamlaka yaliyopotea. Gazi ya kitabu ni mji wa watawala. Gazi ya watu waliolima mashamba ya watawala hao inabidi itafutwe kwingine.

4. Fuko na kaya: nasaba ya upande wa mama

Tukiacha maandishi tukaingia katika masimulizi ya Wadigo, swali la nasaba hubadilika. Katika utaratibu wao wa zamani, kundi la msingi ni fuko, yaani ukoo unaofuata upande wa mama. Mwanamume hurithiwa na wapwa zake, wana wa dada yake, na mjomba ndiye mwenye kauli juu yao. Gerlach (1960), katika utafiti wake wa tasnifu, aliueleza mfumo huu ukiwa tayari umegongana kwa muda mrefu na sheria ya Kiislamu, ambayo humpa mwana wa marehemu fungu lake na binti nusu ya fungu la mwana.

Mgongano huu umezungumzwa sana kama suala la sheria. Unastahili kuzungumzwa pia kama suala la utunzi. Pale urithi unapopita kwa wapwa, kumbukumbu yenye faida ni ya akina bibi: nani alizaliwa tumbo moja na nani, na dada yupi alizaa wana wepi. Pale urithi unapopita kwa wana, kumbukumbu yenye faida ni ya akina babu. Kubadilika kwa sheria ya mirathi, kwa hiyo, hubadilisha pia kinachostahili kukumbukwa. Familia ya Kidigo iliyofuata sheria ya Kiislamu kwa vizazi vitatu au vinne haihitaji kuyakana mafuko ili iyasahau. Inatosha kwamba hakuna tena kesi ya shamba inayolazimu yatajwe.

Utaratibu wa majina ya Pwani unaliongezea jambo hili utata. Mtoto hupewa jina la babu au bibi, akawa somo wake. Majina yaleyale hurudi kila baada ya kizazi kimoja, na katika masimulizi Hamisi wa juu na Hamisi wa chini huweza kuunganishwa wakawa mtu mmoja. Kwa mwenye ukoo hilo si kosa, maana somo kweli anasimama mahali pa aliyemwachia jina. Kwa mtafiti anayehesabu miaka, vizazi viwili vimepotea. Henige (1974) aliwaonya wanahistoria wa Afrika juu ya orodha zinazorefushwa na kufupishwa, na Vansina (1985) alieleza pengo lielealo kati ya masimulizi ya asili na masimulizi ya karibuni. Pwani ya kusini, pengo hilo limejengwa ndani ya utaratibu wenyewe wa kupeana majina.

Kaya nayo ni sehemu ya matini hii. Kaya Kinondo, Kaya Diani, Kaya Muhaka na nyinginezo ni misitu yenye makaburi, njia na mahali palipozikwa fingo, na masimulizi ya asili hujipanga kwa kufuata mahali hapo: ukoo upi ulitangulia kufika, upi ulikuja na fingo, upi ulipokewa baadaye. Aliyetangulia ndiye mwenye neno. Baadhi ya misitu hiyo ilianza kutangazwa kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 kundi la kaya za Wamijikenda, Kinondo ikiwamo, liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hatua hiyo ilizilinda dhidi ya shoka na majengo ya ufuo wa Diani. Lakini pia imeyapa masimulizi hadhira mpya, ya watalii na maofisa, na msimulizi mwenye hadhira mpya hupanga maneno yake upya.

5. Upeo wa mbali: mjadala wa Shungwaya

Wadigo, kama Wamijikenda wengine, husimulia kwamba walitoka Shungwaya, kaskazini. Morton (1972) alidai kwamba simulizi hii haimo katika ushahidi wa mapema wa Wamijikenda wenyewe, na kwamba ilishika nguvu mwishoni mwa karne ya 19 kutokana na haja za wakati huo. Spear (1974, 1978) alimjibu kwa kulinganisha masimulizi ya kaya mbalimbali, akaona ndani yake kumbukumbu ya kweli ya uhamaji. Nurse na Hinnebusch (1993), kwa ushahidi wa lugha za Kisabaki, waliiunga mkono asili ya kaskazini kwa upana wake. Mwaka huohuo Willis alionyesha jinsi jina lenyewe la Mijikenda lilivyopata nguvu katika siasa za Mombasa za enzi ya ukoloni.

Pande zote mbili zinaweza kuwa na haki kwa sababu zinajibu maswali tofauti. Lugha yaweza kutoka kaskazini bila ya kila fuko la Diani kutoka huko. Simulizi ya Shungwaya huwapa watu wa koo nyingi mlango mmoja wa kuingilia, na aliyejiunga na kaya miaka mia moja iliyopita huurithi mlango huo pamoja na wenzake. Kwa anayefuatilia ukoo mmoja, Shungwaya ni dibaji ya pamoja iliyotangulizwa mbele ya kitabu cha kila mtu. Akiitoa dibaji hiyo, atakuta kurasa chache zilizo za ukoo wake peke yake, na huko ndiko utafiti wake uanzie.

6. Kimya cha utumwa

Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Hadi wakati huo mashamba ya Gazi na jirani zake yalilimwa na watu walioletwa kutoka kusini, upande wa Ziwa Nyasa na Msumbiji. Wazawa wao wako, lakini nasaba zao hazisikiki kwa urahisi. Wengine walichukua nisba za waliokuwa mabwana, wengine wakajiita Waswahili bila ya nyongeza, wengine wakaingia katika vijiji vya Kidigo.

Methali mbili zinaweza kutufumbulia kaida za kimya hiki. Ya kwanza ni "Kitanda hakizai haramu". Katika sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana wake ni huru, na nasaba yake ni ya baba. Methali inaihifadhi heshima ya mtoto, na papo hapo inafunga mjadala kuhusu mama. Ya pili ni "Mkataa kwao ni mtumwa". Kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni onyo kwa anayeionea haya asili yake. Ikisomwa katika muktadha wa Gazi au Shimoni inageuka kuwa kali zaidi, kwa kuwa mtumwa hakukataa kwao, alinyang'anywa. Asipotaja kwao, methali inamhukumu; akitaja, amejitangaza. Haishangazi kwamba wengi walinyamaza.

Mfumo wa fuko nao ulikuwa na jibu lake. Mtoto wa mama aliyenunuliwa hakuwa na wajomba wa kumdai, na hivyo alibaki moja kwa moja upande wa baba. Safu ya kiume iliyo ndefu na safi katika familia ya Kidigo yaweza basi kuwa dalili ya Uislamu wa mapema, na yaweza pia kuwa dalili ya bibi asiyetajwa. Mtafiti mwenye adabu hatalifichua jambo hilo katika baraza la watu. Lakini hana ruhusa ya kulisahau katika uchambuzi.

7. Nasaba mbele ya ofisa

Kinachozifanya nasaba hizi kuwa zaidi ya kumbukumbu ni kwamba zimewahi kudaiwa na dola kama ushahidi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi ya binafsi katika ukanda wa Pwani wayawasilishe. Ardhi isiyodaiwa na yeyote ilihesabiwa kuwa ya serikali. Mwenye hati ya Kiarabu na nasaba iliyoandikwa alikuwa na la kumwonyesha ofisa. Mwenye kumbukumbu ya fuko, minazi iliyopandwa na mjomba na kaburi lisilo na maandishi, alikuwa na masimulizi tu. Salim (1973) ameeleza jinsi mgawanyo wa kikoloni wa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji ulivyozipa nasaba za Pwani thamani mpya ya kodi na vyeo. Nasaba ya kiumeni ilipata faida ambayo haikutokana na ukweli wake, bali na umbo lake kufanana na hati.

Katika sheria ya mirathi iliyoanza kutumika mwaka 1981, na marekebisho yake ya mwaka 1990, mirathi ya Mwislamu hufuata sheria ya Kiislamu. Fuko halina tena pa kusimama mahakamani kwa Wadigo Waislamu, ingawa haliwi limetoweka katika mazishi na katika masuala ya nani ni jamaa wa nani.

Kwa Wamakonde na Wapemba, jambo limekuwa zito zaidi. Wamakonde walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya katani na ya miwa, yakiwamo ya Ramisi, na wazawa wao waliishi Kwale kwa miongo kadhaa bila kitambulisho. Sheria ya uraia ya mwaka 2011 iliwafungulia njia wasio na utaifa ambao wamekaa Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, na ikawafungulia wazawa wao pia. Miongoni mwa masharti yake ni kujua Kiswahili au lugha nyingine ya nchini. Mnamo Oktoba 2016 Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai haki hiyo, na mwaka 2017 walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Pwani walitambuliwa mwaka 2023.

Katika sharti hilo nasaba inatakiwa itamkwe kwa namna ambayo haijawahi kutakiwa. Fuko linauliza mama yako ni nani. Tarikh inauliza baba yako alitoka ng'ambo ipi. Kaya inauliza ulifika wa ngapi. Ofisa wa uraia anauliza wazee wako walikuwa wapi siku moja ya mwaka 1963. Mtu aliyefundishwa kuficha asili ya babu yake kwa heshima anatakiwa aiseme kwa tarehe, na mwenye simulizi ndefu ya safari anatakiwa athibitishe kwamba ukoo wake ulikuwa umekwisha kutua.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba historia ya ukoo katika pwani ya kusini imehifadhiwa katika matini za aina nyingi, na kwamba tofauti baina yake zinatokana na maswali zilizoulizwa zaidi kuliko udhaifu wa kumbukumbu. Yapo mambo matatu ambayo mtafiti anayefanya kazi Diani au Msambweni anapaswa kuyazingatia. Kwanza, kila nasaba ikusanywe kwa pande zote mbili, na wanawake wazee waulizwe kabla ya waume zao hawajawasemea. Pili, mazingira ya utambaji yaandikwe pamoja na majina: nani alikuwapo, na kuna shamba, mirathi au ombi gani mezani. Tatu, pale majina yanapokoma ghafla, mkomo huo urekodiwe kama ulivyo. Usizibwe kwa Shiraz wala kwa Shungwaya.

Waliokuwa na umri wa kukumbuka mwaka 1963 wamepungua sana. Madaftari ya parokia za Uingereza yataendelea kuwapo rafuni bila kujali nani anayasoma. Fuko linahifadhiwa na bibi mmoja au wawili katika kila mji, na akiondoka bibi huyo, kinachobaki ni kile ambacho baba, kadhi na ofisa waliona haja ya kukiandika.